Majitaka ya Kijijini (Sehemu ya Pili): Jua, Muda na Mtu wa Kufyeka

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba kijiji kikipata bomba la maji hupata na majitaka siku hiyohiyo. Sasa tuulize yasafishwe vipi. Kwa makao madogo yenye shule ya bweni, zahanati na soko, naona njia bora ni mabwawa yanayofuatana, na sitetei njia hii kwa sababu ya unafuu wa gharama peke yake. Maji yanayotoka kwenye karo huweza kuonekana mepesi kwa kuwa kinyesi kimetuama chini, lakini vimelea vingi vya maradhi bado vimo. Klorini nayo huua bakteria wengi, ila mayai ya minyoo ya tumbo huihimili, na yakifika shambani hukaa hai udongoni kwa miezi mingi, pengine miaka. Kipimo cha usafi wa majitaka si weupe wake.

Bwawa la kwanza huchimbwa refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, ili tope lizame na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. La pili lina kina cha mita moja hadi mbili. Humo mwani hutoa oksijeni mchana, na bakteria huitumia kula uchafu uliobaki. Ya mwisho ni mafupi, jua lifike ndani, na hapo mwanga pamoja na ukali wa magadi unaoletwa na mwani huua bakteria. Mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama yenyewe yakipewa siku za kutosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasiwe na zaidi ya yai moja kwa lita, na mabwawa yaliyopimwa vizuri huweza kufikia kiwango hicho bila umeme wala dawa.

Wapo wanaosema mabwawa yanakula ardhi. Tuhesabu: watu 1,000 wakitoa lita 40 kila mmoja kwa siku, na maji yakakaa siku 25, tunahitaji nafasi ya mita za ujazo 1,000. Kwa kina cha wastani cha mita moja na nusu, hiyo ni chini ya mita za mraba 700, na hata tukiongeza kingo hatufikii robo ya kiwanja cha mpira. Hoja ya mbu ni nzito zaidi. Lakini mbu aenezaye matende hupenda maji machafu yaliyotulia gizani, nayo yapo tayari kwenye vyoo na makaro yetu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walifunika maji ya vyoo vya shimo kwa chembe za plastiki zinazoelea, na wananchi wakapewa dawa. Walioonekana na vimelea vya matende kwenye damu walipungua kutoka karibu nusu ya waliopimwa hadi kama mmoja kati ya kumi. Bwawa lililo wazi, lenye upepo na kingo zisizo na majani, halimpi mbu huyo makazi. Majani yakiachwa yakaota hadi majini, mambo hubadilika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani bwawa halihitaji matunzo. Mtambo wa kupulizia hewa husimama umeme ukikatika, na fundi wake yuko mjini. Bwawa lahitaji fyekeo, reki ya kuondoa takataka mlangoni, na tope la bwawa la kwanza kuzolewa kila baada ya miaka michache. Kazi hizo kijiji kinaziweza, ila hazijifanyi. Ndugu wajumbe wa halmashauri za vijiji, kabla shimo la kwanza halijachimbwa, andikeni kwenye bajeti jina la mtu atakayefyeka na ujira wake wa kila mwezi.