Pweza ni wa Ukoo wa Konokono

Katika mnada wa samaki pwani, pweza huuzwa pamoja na changu na tasi, na walaji wengi humhesabu samaki. Lakini samaki ana uti wa mgongo, na pweza hana mfupa hata mmoja. Pweza tunayemvua kwa wingi kwenye miamba yetu, Octopus cyanea, yumo katika faila ya moluska, pamoja na konokono, koa na chaza. Ndani ya faila hiyo ni wa ngeli ya sefalopoda, walimo pia ngisi na dome. Viumbe hupangwa kwa asili yao, na asili hiyo husomwa mwilini. Ule mfuko wa nyama unaofunika matumbo ya pweza ndio ule ule ambao kwa konokono hutengeneza kombe. Kinywani mwake mna ukanda wenye safu za meno madogo: konokono hukwangulia majani, pweza nyama ya kaa. Jeni zao zilipolinganishwa, nazo zilithibitisha udugu huo.

Mtu atauliza: mbona hana kombe? Jibu liko kwa jamaa zake. Nautilasi, sefalopoda wa bahari za kitropiki, bado anaishi ndani ya kombe. Dome amelificha mwilini, likawa kipande cheupe chepesi. La ngisi limebaki kijiti laini. Kwa pweza limetoweka karibu lote. Koa naye amepoteza kombe, wala hakuna anayebisha kuwa ni jamaa ya konokono.

Pingamizi zito zaidi ni akili. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, zaidi ya nusu zikiwa katika minyiri yake minane, na jicho lake lina lenzi kama letu. Je, hayo hayamsogezi karibu na wanyama wenye uti wa mgongo? Hapana. Katika jicho la binadamu, nyuzi za neva hupita mbele ya seli zinazopokea mwanga, na pale zinapotokea nyuma pana doa lisiloona. Kwa pweza hupita nyuma, na doa hilo halipo. Macho hayo mawili yalichipuka kila moja kwa njia yake; kufanana kwa kazi si ushahidi wa nasaba. Mchuuzi na aendelee kumpanga pweza na samaki, kwa kuwa soko lina taratibu zake. Katika uainishaji wa wanyama, pweza ni moluska.