Betri Ilipe Kwanza, Bata Baadaye

Umeme ukikata Bariadi saa mbili usiku, kitaa kinajigawa chenyewe. Kuna wana wanaotoka nje na simu zenye chaji asilimia nne, wanazunguka Somanda kutafuta pa kuchomeka. Halafu kuna mchizi mmoja, yule yule kila siku, dirisha lake linawaka, sabufa inaunguruma na mlangoni pamejaa ndala za washkaji. Zamani mtu wa hivyo alikuwa mtoto wa kishua mwenye jenereta ya mshua wake. Siku hizi unakuta ni kinyozi, fundi simu au dada anayeuza juisi. Ana betri.

Betri za nyumbani zimekuwa mchongo wa mjini kinoma, na kila kijiwe kina profesa wake wa inveta. Mimi msimamo wangu nausema mapema ili usione nimekuzungusha: betri ya kwanza inunue ya kukuingizia mpunga. Ya kula bata hiyo hiyo itakununulia.

Mtu wa Dar atakuuliza, mbona Bwawa la Nyerere limekamilika na nyie bado mnalia? Swali lina haki yake. Pale Rufiji kuna mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza ulianza kuingiza umeme gridini Februari 2024, nchi ikiwa imechoka na ule mgawo ulioanza mwaka wa nyuma yake. Umeme wa kuzalishwa upo. Kinachozingua ni safari yake. Simiyu ilipata kuwa mkoa 2012, ikamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, lakini kwa habari ya umeme sehemu kubwa ya mkoa tulibaki wapangaji wa Shinyanga. Miaka na miaka umeme umetoka kituo cha Ibadakuli, ukakimbia kwenye laini za kilovoti 33 zaidi ya kilometa mia, pori kwa pori. Mti ukidondoka huko njiani, huku kwetu giza. Na hata ukifika salama unafika umechoka: taa inakuwa ya njano, friji inatetemeka, TV inajizima na kujiwasha yenyewe.

Ndiyo maana ukaja mradi wa laini ya kilovoti 220 kutoka Ibadakuli mpaka Imalilo, hapa hapa Bariadi, pamoja na kituo cha kupoza umeme. Kwa laini kubwa hiyo ndiyo dawa yenyewe, sina ubishi. Ila kati ya Imalilo na gheto lako kuna transfoma ya mtaa, kuna nguzo ya mbao iliyoegemea mwembe, na kuna mvua za upepo ambazo haziulizi mradi umefikia asilimia ngapi.

Washua wetu nao hawakuwa wageni wa betri. Kabla nguzo hazijafika vijijini, mtu wa Itilima au Meatu alikuwa anafunga betri ya gari kwenye karia ya baiskeli, anaipeleka mjini kuchajisha kwa hela, anairudisha ili kijiji kicheki mpira kwenye TV ya inchi 14. Baadaye zikaja sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Off Grid Electric, ambao siku hizi wanaitwa Zola, walianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kilichobadilisha mchezo mwaka hadi mwaka ni litiamu. Mwaka 2010 pakiti ya litiamu ya kilowati-saa moja ilikuwa inazidi dola 1,000. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Hiyo ni bei ya huko viwandani, tafadhali usiende nayo dukani Bariadi ukaanza kugombana na watu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo wana wengi wanapigwa.

Chukua betri ya volti 12 yenye Ah 100. Zidisha, unapata wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi au ya jeli, jihesabie nusu tu, 600, kwa sababu ukiinyonya kupita hapo kila siku inakufa mapema na hakuna fundi atakayeifufua. Kama ni litiamu, ile ambayo kwenye boksi imeandikwa LiFePO4, unaweza kula mpaka 1,000 kiroho safi, na itakuvumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu mbili au zaidi. Ya asidi inahesabiwa kwa mamia.

Mcheki kinyozi. Mashine yake haifiki wati 20. Taa mbili za ledi, 18. Sabufa ndogo kwa sauti ya kistaarabu, 30. Jumla haizidi 70. Ukitoa kinachopotelea kwenye inveta, litiamu moja ya Ah 100 inampeleka saa kumi na mbili, yaani anafungua asubuhi na kufunga usiku bila kujua kama umeme ulirudi. Ya asidi inampa saa saba hivi, nayo si haba. Wakati jirani yake ameweka stuli nje anapiga stori, yeye foleni yake inafika barabarani. Hata wateja wa jirani wanahama, na wakishazoea kiti chake hawarudi walikotoka.

Kuijaza betri hiyo kwa LUKU ni kama uniti moja na nusu. Kwa mtumiaji wa kawaida, kodi zikiwemo, ni jero na chenji. Kwa nyumba iliyo kwenye lile daraja dogo la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, haifiki mia mbili. Kichwa kimoja tu kimeshairudisha hela. Ndiyo maana nasema paneli ya sola isikuumize kichwa mwanzoni. Umeme wetu unaenda na kurudi, haujahama mji. Inveta yenye chaja ndani yake inajaza betri muda wote umeme ukiwepo, ukikata inapokea yenyewe. Paneli ya wati 200 utaiongeza ukijipata, na jua la huku lilivyo kali itakupa wati-saa 700 au 800 kwa siku isiyo na mawingu.

Dada wa saluni ana mtihani tofauti. Draya inakula wati 1,200 na kuendelea. Betri hiyo hiyo iliyomweka kinyozi kutwa nzima, kwa draya haimalizi saa moja, na inveta ndogo haitaiwasha kabisa. Kwa hiyo giza likiingia, asuke. Kusuka kunataka taa na umbea tu. Kukausha nywele kusubiri umeme wa TANESCO. Pasi, jagi la umeme na jiko la koili viko kundi moja na draya: kitu chochote kinachotengeneza joto ni adui wa betri. Muuzaji anayekuambia inveta ya wati 500 itapiga pasi anakupa chai, tena haina hata sukari.

Friji ipo katikati. Ndogo ikishawaka inatumia kama wati 100 na inapumzika mara kwa mara, lakini ule mstuko wa kuwaka unavuta mara kadhaa ya hapo. Kama biashara yako ni juisi na maji baridi, nunua inveta kubwa kidogo na isiwe ya mawimbi ya kuchongachonga. Uliza inayotoa mawimbi safi. Hizo nyingine zinafanya mota ilie, na mota ikilia sana inaondoka.

Kwenye feki, silaha yako ni mizani. Betri ya asidi au jeli ya Ah 100, ile ya kweli, ina uzito wa kilo 27 mpaka 30 hivi. Ya Ah 200 inakaribia kilo 60, mtu mmoja akiibeba lazima ajikune mgongo. Sasa ukikuta imeandikwa 200 na unainyanyua kwa mkono mmoja huku unapokea simu, mwanangu, rudisha chini. Litiamu ni nyepesi kweli, ya Ah 100 inacheza kwenye kilo 10 mpaka 12, lakini hapo kuna ujanja mwingine: mafundi wa mtaani wanaookota seli za laptopu mbovu, wanazichomelea na kuzivisha boksi jipya. Isiyo na bodi ya ulinzi ndani, ile wanayoiita BMS, usiilaze nyumbani kwako. Na betri ya gari ni ya kustua injini. Ukiigeuza ya kuwashia TV usiku kucha itakubali miezi michache tu.

Tuje kwenye bata, nisionekane padri. Gheto la chumba kimoja lenye taa tatu, TV ya inchi 32, dekoda na sabufa linakula kama wati 115. Litiamu ya Ah 100 inakupa saa saba na nusu. Hiyo ni dabi ya Kariakoo, uchambuzi wake, ubishi wake wote, na muvi ya kulalia. Uzuri mwingine, mfumo mdogo hauna mizizi. Mwenye nyumba akizingua unapakia kwenye bajaji unahama nao, tofauti na wale waliochimbia waya ukutani kwenye nyumba ya mtu.

Pa kuiweka sasa. Nyumba zetu ni za bati, na juu ya kabati karibu na bati mchana ni tanuri. Joto linaua betri, hasa za asidi: likizidi kwa nyuzi 10, umri unakatika karibu nusu. Iweke chini kwenye kipande cha ubao, mahali penye kivuli na hewa. Ya asidi ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo usilale nayo chumba kimoja na usiwashie sigara juu yake. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, usiongeze asidi.

Na hili halina utani: usichomeke inveta wala jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme wako unapanda kwenye nguzo, unapita transfoma, unarudi kwenye laini ukiwa mkubwa, na huko juu kuna fundi anayejua laini imezimwa. Funga chenji-ova. Bei yake ni ndogo.

Hela utatoa wapi? Msimu wa pamba ukifunguka Mei mji unapata damu, na wengi wanakimbilia sabufa. Ukikosa pamba, cheza upatu na wana. Vikundi vya vijana vina fungu la asilimia nne kwenye ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, iliyosimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Haina riba, ingawa makaratasi yake yanachosha. Mikopo ya kausha damu achana nayo kabisa. Riba yake ya wiki inaenda kasi kuliko kinyozi yeyote wa Bariadi anavyonyoa.

Kabla hujaenda dukani, andika kwenye karatasi kila kitu unachotaka kiwake na wati zake, jumlisha, zidisha kwa saa unazotaka. Mpe muuzaji karatasi hiyo kabla hajaanza kukupa stori. Mwombe mizani, na akikataa betri isipimwe, toka, duka lingine liko mlango wa pili.