Jiwe la Kijani la Musonoi

Wamama, si kila jiwe la kijani ni malakiti. Karibu na Kolwezi, kule Musonoi, na pia Shinkolobwe, kunapatikana torbeniti: vibao vyembamba vya mraba, kijani kama majani mabichi. Mayi ya mvua iliingia katika udongo, ikayeyusha shaba, uraniumu na fosfati, ikaviacha pamoja ndani ya nyufa za mawe. Mayi ingine ilibaki ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe likikauka, mayi inatoka, nalo linavunjika upesi na kutoa vumbi.

Ni zuri kweli, na ndiyo hatari yake kwa watoto. Uraniumu inatoa miali isiyoonekana, na hewa ya radoni isiyo na harufu. Basi lisikae ndani ya nyumba, hata dirishani. Mtoto akilishika, mumunawishe mikono na sabuni mbele ya kula.