Githeri Peke Yake Haitoshi

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, githeri ndiyo chakula cha kila siku. Mahindi na maharagwe hutoka shambani, huchemshwa kwa saa kadhaa na kushibisha nyumba nzima. Hata hivyo mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akadumaa. Nafaka na kunde zina fitati, ambayo hunasa madini ya chuma na zinki, mwili ukashindwa kuyafyonza. Vitamini B12, inayojenga damu na mishipa ya fahamu, haimo kabisa katika mahindi wala maharagwe: hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa.

Hayo yalipimwa Kyeni, Embu, kuanzia 1998, chini ya Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Zaidi ya watoto 500 wa darasa la kwanza katika shule 12 waligawanywa makundi manne. Wa kwanza walikula githeri yenye nyama ya kusaga, wa pili githeri na glasi ya maziwa, wa tatu githeri iliyoongezwa mafuta. Wa nne hawakupewa chakula shuleni. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kufikiri, wakanenepa misuli ya mikono, na uwanjani wakawa ndio wanaoanzisha michezo. Maziwa yaliwarefusha hasa wale waliokuwa wamedumaa. Mafuta yaliongeza nguvu tu, B12 ikabaki chini.

Upungufu huo huanza kabla ya shule, tumboni. Mama aliyekosa B12 humnyonyesha mtoto maziwa yenye B12 kidogo, na vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki haviwezi kuziba pengo hilo.

Nyama ni ghali, lakini mbuzi wa maziwa anafugika. Huko Meru, katika miaka ya 1990, shirika la FARM-Africa lilileta mbuzi aina ya Toggenburg, wakazalishwa na wa kienyeji. Chotara hao hukaa bandani, hula majani ya kukatiwa, na huenea hata kwenye shamba dogo.

Jikoni nako kuna la kufanya. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa, fitati hupungua. Chai, zao la miteremko hiyohiyo, inywewe mbali na mlo, kwa kuwa huzuia chuma. Mtoto akitimiza miezi sita, uji wake wa wimbi utiwe maziwa, huku akiendelea kunyonya. Na asubuhi, kabla maziwa hayajapelekwa kuuzwa, kikombe cha mjamzito kipimwe kwanza.