Ukijenga nyumba ukiwa ng'ambo, usilipe maneno

Wengi wetu tulioko Muscat, Dubai na London tunajenga Mombasa, Malindi na Lamu kwa simu. Pesa hutumwa mwisho wa mwezi, picha hurudi kwa WhatsApp, na kila swali hujibiwa "inshallah wiki ijayo." Halafu mtu anakuja likizo na kukuta kuta zimeishia kwenye madirisha, na pesa za paa hazipo.

Mafundi waaminifu wako, tena wengi. Ninaloliona mimi ni kwamba tunamkabidhi mtu mmoja kazi tatu: anunue vifaa, ajenge, na atueleze kazi imefika wapi. Hata mtu mwema hushindwa na mtihani huo.

Kwa hivyo zitenganishe. Vifaa lipia dukani moja kwa moja, ukitumiwa risiti, na mtu wako ahesabu mzigo unaposhushwa. Fundi mlipe ufundi wake tu. Ukaguzi mpe mtu wa tatu asiyekuwa jamaa wala rafiki wa fundi, ikiwezekana mhandisi au mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Ada yake utaiona kubwa mpaka siku atakapokuokolea slabu.

Mimi mkandarasi wangu aliniambia slabu ya mita mraba 100 inataka mifuko 160 ya saruji. Nikakaa na kalamu. Unene wa sentimita 15 ni mita 15 za ujazo. Mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hutumia takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni kama mifuko 100, ukiongeza kidogo kwa mihimili na inayomwagika. Nikamuuliza 60 iliyobaki ni ya nini. Akasema joto la pwani hula saruji. Nikasimamisha malipo mpaka mkaguzi afike, na hesabu ikashuka siku hiyo hiyo.

Malipo yafuate hatua, si kalenda: msingi, kuta hadi linta, slabu au paa, plasta, kisha umaliziaji. Hatua haijakaguliwa, pesa ya inayofuata haitoki. Bakiza pia sehemu, tuseme asilimia 10, kwa miezi kadhaa baada ya kazi kwisha, ili nyufa na uvujaji vikitokea arudi kurekebisha.

Picha zisikutoshe, maana zaweza kuwa za nyumba ya mtu mwingine. Taka video ya moja kwa moja, aanzie barabarani, apite kwa jirani, aingie kwako na futi mkononi. Apime nafasi kati ya nondo kabla zege halijamwagwa, kwani baadaye hutaziona tena. Uliza na mchanga umetoka wapi. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huila nondo ndani kwa ndani miaka baada ya wewe kuhamia.

Kabla ya yote hayo, hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwapanga kwa madaraja kutoka NCA 1 hadi NCA 8. Andikianeni mkataba wenye michoro, bei, hatua na tarehe, mbele ya mashahidi. Mzozo ukizuka na dai halizidi shilingi milioni 1, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Jumbe za simu na rekodi za M-Pesa ndizo ushahidi wako, kwa hivyo usizifute.

Najua neno litakalosemwa nyumbani: "Huyu ni mwenzetu, vipi unamwandikisha kama mgeni?" Hapo ndipo wengi hunyamaza, wakapoteza pesa na undugu pamoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba haumtukani mtu. Unamlinda fundi mwema asisingiziwe, na unakulinda wewe usije ukapishana na binamu yako msikitini bila salamu kwa sababu ya mabati.