Kigeu katika Uchunguzi wa Lugha

Kigeu ni jambo liwezalo kubadilika katika uchunguzi. Maabarani, mtaalamu hubadilisha kigeu kimoja, akavizuia vingine visibadilike. Mwanaisimu hawezi kumbadilisha msemaji tabaka. Hana budi kuchagua vema wa kulinganishwa.

Mwaka 1962, William Labov aliyachunguza matamshi ya r mjini New York katika maduka 3: la matajiri, la watu wa wastani na la wenye kipato kidogo. Duka lilikuwa kigeu huru. Matamshi, kigeu tegemezi. Wauzaji wote waliulizwa swali lenye jibu lilelile: «fourth floor», yaani orofa ya nne. Waliotamka r, daima au mara kadhaa, walikuwa 62%, 51% na 20%. Kama majibu yangalitofautiana maneno, isingalijulikana tofauti hiyo yatokana na tabaka au na neno lenyewe.