SARE YA MPELEKA BARUA: ILISHONWA KWA FAIDA YA NANI?

Sare za kazi twaziona kila siku bila kuuliza asili yake. Historia ya sare ya wapeleka barua wa Uingereza yatufundisha kwamba vazi la kazi laweza kuanza kwa faida ya mkubwa, na likachukua miaka mingi kabla ya kumfaa anayelivaa.

Sare hiyo ilianza mjini London mwaka 1793. Mpeleka barua alipewa koti jekundu lenye mikunjo ya buluu kifuani, kizibao cha buluu, na kofia ndefu yenye utepe wa rangi ya dhahabu. Vifungo vyake vya shaba viliandikwa namba yake. Shabaha ilikuwa ajulikane kutoka mbali. Akijificha kilabuni saa za kazi, wekundu wa koti ulimtoa siri. Lakini suruali hakupewa! Hiyo alijitafutia mwenyewe. Kiwiliwili kilivishwa na Posta. Miguu ikawa shauri lake.

Suruali ilitolewa mwaka 1855. Koti nalo likaonyesha kasoro yake, kwani wekundu ule ulichafuka upesi katika matope na moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1861 buluu ikachukua nafasi yake. Kisha mvua ikafikiriwa: kofia ya mwaka 1896 ilikuwa na kingo mbili, wa mbele kukinga macho, wa nyuma kuzuia maji yasiteremke shingoni.

Wakabaki akina mama. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wanawake wengi walishika mifuko ya barua ya wanaume waliokwenda vitani, nao wakapewa koti na sketi. Lakini sketi, upepo na njia za milimani havipatani. Mwaka 1941, wakati wa vita ya pili, mpeleka barua wa Scotland, Bibi Jean Cameron, aliomba kuvaa suruali. Akakubaliwa. Hadi Novemba 1943, suruali 14,000 zilikuwa zimeagizwa, nazo zikaitwa “Camerons” kwa heshima yake.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi popote inapopangwa sare mpya, iwe kiwandani, hospitalini au kwenye mabasi, kabla fundi hajashika mkasi, na aulizwe kwanza yule atakayeivaa kutwa nzima.